Buddy Ryan na Ulinzi wa 46: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, huanza saa nane na nusu za usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na kila mwaka wapo wanaoikesha. Atakayekesha naye hatakosa kusikia habari za ulinzi wa Chicago Bears wa 1985, na nyuma yake jina la Buddy Ryan. Maswali yaliyokusanywa hapa ndiyo yanayorudi kila msimu. Ya kwanza ni ya mgeni wa mchezo. Ukiwa unaujua, ruka hadi la 6.

## Mambo ya msingi

1. Buddy Ryan ni nani?

Jina lake kamili ni James David Ryan, mzaliwa wa Frederick, Oklahoma, 17 Februari 1931. Alifundisha futiboli ya Kimarekani kwenye ligi ya kulipwa kuanzia 1968 hadi 1995, akipumzika kidogo katikati, na alipita timu 6: New York Jets, Minnesota Vikings, Chicago Bears, Philadelphia Eagles, Houston Oilers na Arizona Cardinals. Alifariki Kentucky tarehe 28 Juni 2016 akiwa na miaka 85.

2. "Kocha wa ulinzi" maana yake nini? Kwani timu haina kocha mmoja?

Kwenye soka beki akiona nafasi hupanda kushambulia, na kocha ni mmoja kwa wote. Huku sivyo. Timu moja ina vikosi viwili visivyochanganyika, 11 wa kushambulia na 11 wa kulinda. Mpira ukihamia upande wa pili, kikosi kizima kinatoka na kingine kinaingia. Kila kikosi kina chumba chake cha mikutano na daftari lake la mbinu, na wachezaji wa vikosi viwili wanaweza kumaliza juma zima bila kufanya kazi pamoja.

Kocha wa ulinzi ndiye mwenye hiyo nusu. Anatazama mikanda ya michezo ya mpinzani hadi usiku wa manane, anapanga mitego, na siku ya mchezo anachagua mpango mpya kila mara kabla mpira haujaanzishwa. Juu yake yupo kocha mkuu. Kwa maandishi, kocha mkuu ndiye bosi. Kwa Ryan, hayo yalibaki maandishi (tazama swali la 9 na la 10).

3. Ni sheria zipi ninazohitaji ili nielewe yaliyobaki?

Mbili tu. Wanaoshambulia wana majaribio 4 ya kusogea yadi 10; wakifaulu wanapata mengine 4, wakishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Ya pili: karibu kila kitu kinapitia kwa kwotabeki, anayepokea mpira na kuamua kama atampa mkimbiaji au atarusha pasi. Akiangushwa kabla hajauachia mpira, timu yake inarudi nyuma. Ryan aliishi kwa ajili ya hiyo sekunde.

## Njia aliyopita

4. Alianzia wapi?

Jeshini. Alipigana vita vya Korea akiwa bado kijana na alirudi na cheo cha sajini, halafu akachezea chuo kikuu cha Oklahoma A&M. Ukocha aliuanzia shule ya sekondari huko Texas. Mwaka 1961 alikwenda Chuo Kikuu cha Buffalo kufundisha safu ya mbele ya ulinzi, na kutoka hapo alizunguka vyuo vingine kabla ya kuitwa na Jets. Alikuwa na miaka 37 alipoingia ligi kuu, na alianza kama msaidizi asiyejulikana.

5. Jets walimfundisha nini?

Msimu wake wa kwanza uliishia kwenye Super Bowl ya tatu, 12 Januari 1969, ambapo Jets waliwafunga Baltimore Colts 16 kwa 7 wakati karibu kila mtu alitegemea wapigwe vibaya. Watu wanamkumbuka Joe Namath, kwotabeki aliyeahidi ushindi siku chache kabla ya mchezo. Ryan alikumbuka jambo jingine. Aliona jinsi kocha mkuu Weeb Ewbank alivyohangaika juma baada ya juma kupanga namna ya kumkinga Namath asiguswe, akajiuliza: kama sisi tunamlinda huyu kama mboni ya jicho, basi wa kwao naye ana thamani hiyohiyo. Kwa nini tusiende kwake moja kwa moja?

Alikaa Jets hadi 1975, akaenda Minnesota kwa misimu 2, na 1978 Chicago ikampa ulinzi wote mkononi mwake.

## Ulinzi wa 46

6. Kwa nini "46"? Ni watu 4 mbele na 6 nyuma yao?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloongoza. Mipango mingine ya ulinzi huitwa kwa hesabu ya watu, kama 4-3 au 3-4. Hii ilipewa namba ya jezi. Doug Plank alikuwa beki wa nyuma wa Bears aliyevaa 46, mtu aliyegonga wapinzani kwa nguvu kiasi cha kujiumiza mwenyewe. Katika mpango huu beki huyo aliondolewa nyuma na kusogezwa mbele, karibu na mpira. Kwa hiyo isome "arobaini na sita". Plank aliondoka Bears baada ya msimu wa 1982, akakosa sifa zote za 1985, lakini namba yake ilibaki.

7. Ulifanyaje kazi uwanjani?

Anza na ukuta. Mbele ya kwotabeki kuna majitu 5: mmoja wa katikati, anayeanzisha mpira kwa kuupitisha kati ya miguu yake, wawili kuliani kwake na wawili kushotoni. Ukuta huo unapata nguvu pale wawili wanapomkabili mmoja. Ulinzi wa kawaida wa siku zile uliacha angalau mmoja wa wale 3 wa ndani akiwa hana mtu usoni pake, naye aligeuka kumsaidia jirani.

Ryan aliwapa wote 3 mtu wa kukabana naye ana kwa ana. Ghafla kila mmoja ana mzigo wake na hakuna wa kumtua mwenzake. Dan Hampton na Steve McMichael walifanya kazi hiyo ya ndani, kazi ya kupigana mieleka ambayo haiandikwi kwenye takwimu. Richard Dent alisimama pembeni kabisa, upande wenye watu wachache, akiwa na nafasi ya kukimbia. Upande wa pili Ryan aliwarundika Otis Wilson na Wilber Marshall, wachezaji wa mstari wa pili, wanaoitwa lainibeka. Katikati nyuma yao alikaa Mike Singletary akipiga kelele za maelekezo. Ongeza yule beki aliyeshushwa kutoka nyuma, na sasa watu 8 wamesimama karibu na mpira.

Utamu wake upo hapa: kwotabeki anawaona wote 8 lakini hajui ni wangapi watakaokuja. Wanaweza kuja 5, 6 hata wote, na anayekuja si lazima awe yule aliyejionyesha. Wakija wengi kuliko walinzi wake, lazima mmoja apite bila kuguswa.

Gharama yake iko nyuma. Wamebaki mabeki 3 kulinda uwanja mzima. Ni sawa na kuacha mlango wa uani wazi kwa sababu una hakika mwizi hataivuka sebule. Ryan alicheza kamari hiyo akiamini kwamba pasi ndefu inahitaji muda, na muda ndio kitu ambacho hakumpa mtu.

8. Ni kweli aliwaita wachezaji kwa namba?

Wageni, ndiyo. Singletary aliingia timu mwaka 1981 na kwa muda mrefu alikuwa "50" tu, tena 50 anayeambiwa kila siku kwamba ni mnene, ni mfupi na hajui kitu. Kwenye majaribio ya pasi Ryan alimtoa nje. Kijana alikasirika, akajifungia na mikanda ya michezo, akapunguza mwili, na mwisho akawa ndiye mdomo wa ulinzi wote, aliyeuelewa mpango karibu sawa na aliyeubuni. Mwaka 1985 alichaguliwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima.

Ulikuwa ni ujeshi mtupu: mvunje mtu, kisha umjenge upya awe wako. Simpendekezei mwalimu yeyote wa leo njia hiyo. Ila waliopitia mikononi mwake, ukiwasikiliza wakimzungumzia uzeeni, utadhani wanamsimulia baba.

## Chicago na Mike Ditka

9. Barua ya kwa Halas ni ipi?

Mwishoni mwa msimu wa 1981 ilijulikana kwamba kocha mkuu wa Bears atafukuzwa, na desturi ni kwamba kocha mkuu akiondoka, wasaidizi wake wote wanafungasha. Wachezaji wa ulinzi, wakiongozwa na Gary Fencik na Alan Page, walimwandikia mwenye timu, mzee George Halas, wakimwomba Ryan abaki. Walitia sahihi wote. Halas, aliyekuwa ameiendesha timu hiyo tangu 1920, alikubali.

Kisha ndipo akamwajiri Mike Ditka awe kocha mkuu, 1982. Yaani Ditka alifika akamkuta msaidizi ambaye hakumchagua na ambaye hakuwa na njia ya kumwondoa. Mengine yote yaliyotokea Chicago yanatoka kwenye barua hiyo.

10. Walichukiana kweli, au ni hadithi za magazeti?

Fahali wawili walikaa zizi moja kwa misimu minne, na zizi lilitikisika. Ditka aliendesha ushambuliaji, Ryan ulinzi, na kwenye mazoezi vikosi viwili vilipigana kama maadui.

Kilele ni usiku wa 2 Desemba 1985, Miami. Bears walikuwa wameshinda mechi 12 mfululizo. Dan Marino, kwotabeki wa Dolphins aliyeachia mpira haraka kuliko wote, aliigeuza ile kamari ya swali la 7: Miami iliongeza wapokeaji wepesi wa pasi, na mmoja wao, Nat Moore, akajikuta anafuatwa na lainibeka badala ya beki. Ditka alitaka aingizwe beki wa ziada. Ryan aligoma kubadili. Hadi mapumziko ilikuwa 31 kwa 10, na chumbani makocha hao wawili walifikia kushikana hadi wakaamuliwa. Mechi iliisha 38 kwa 24, na ikabaki kuwa kipigo pekee cha msimu.

Kwa maoni yangu Ditka alikuwa sahihi usiku ule. Lakini mtu anayekubali kubadili mpango wake haraka huenda asingeubuni ule wa 46 kabisa.

11. Takwimu za 1985 zinasemaje?

Ushindi 15, kipigo 1. Pointi 198 tu zilifungwa dhidi yao katika mechi 16, chache kuliko timu yoyote ya ligi mwaka huo. Kwenye mtoano waliwafunga Giants 21 kwa 0, halafu Rams 24 kwa 0. Kwenye Super Bowl ya 20, New Orleans, 26 Januari 1986, waliwalaza New England Patriots 46 kwa 10. Patriots walikimbia na mpira mara 11 wakapata yadi 7 kwa jumla. Kwotabeki wao wa kwanza, Tony Eason, alirusha pasi 6 na hakuna hata moja iliyofika, akatolewa.

Mwaka mmoja nyuma, 1984, ulinzi huohuo uliwaangusha makwotabeki mara 72, ambayo ni rekodi ya ligi.

12. Kwa nini siku ya Super Bowl hiyo walibebwa makocha wawili?

Kwa sababu timu zilikuwa mbili. Ushambuliaji ulimwinua Ditka, ulinzi ukamwinua Ryan.

Usiku wa kuamkia mechi, Ryan aliwakusanya vijana wake hotelini. Walishajua anaondoka. Sauti ikamkwama, akawaambia kwamba vyovyote itakavyokuwa kesho, kwake wao watabaki mashujaa, kisha akatoka. Taa zilizimwa ili watazame mkanda wa mwisho. McMichael akanyanyua kiti na kukirusha ubaoni, miguu ya kiti ikazama kwenye ubao. Hampton naye akaipiga projekta ngumi. Kikao kikaishia hapo. Ukitafuta sababu ya yadi 7 za Patriots, anzia chumba hicho.

## Ukocha mkuu

13. Philadelphia alifaulu au alishindwa?

Siku chache baada ya Super Bowl alitangazwa kocha mkuu wa Eagles, na alikaa misimu 5: ushindi 43, vipigo 35, sare 1. Alijenga ulinzi wa kutisha akiwa na Reggie White, Jerome Brown, Clyde Simmons na Seth Joyner. Misimu 3 ya mwisho aliingia mtoano kila mwaka, na kila mwaka alitoka mechi ya kwanza. Ya 1988 ilichezwa Chicago dhidi ya Ditka, kwenye ukungu mzito kiasi kwamba waliokuwa majukwaani hawakuuona mchezo. Bears walishinda 20 kwa 12. Januari 1991, baada ya kipigo cha tatu, mwenye timu Norman Braman alimfukuza.

Tatizo lilikuwa kwamba alipopewa timu nzima, aliendelea kufundisha nusu. Kwa upande wa ushambuliaji alimtegemea Randall Cunningham, kijana mwenye kipaji cha ajabu, na karibu mpango mzima ulikuwa kumwachia abuni. Ulinzi ulipoichoka kazi ya kubeba kila kitu, hapakuwa na msaada.

Mashabiki wa Philadelphia, hata hivyo, wanampenda hadi leo. Wakati wa mgomo wa wachezaji mwaka 1987 ligi ilileta wachezaji wa kuokoteza. Ryan hakuficha dharau yake kwao, alisimama na waliogoma, na mechi zote 3 za mgomo zikapotea. Wachezaji wake waliporudi wakakutana na Dallas, ambayo iliwapiga wakati wa mgomo bila huruma. Mechi ikiwa imekwisha mkononi mwa Eagles, Cunningham alijifanya anapiga goti kumaliza muda, kisha akainuka na kurusha pasi ndefu. Eagles wakafunga tena, 37 kwa 20. Hayo si mafunzo ya uungwana, lakini timu ilielewa kocha yuko upande gani.

14. Ni kweli alitoa zawadi kwa atakayeumiza mpinzani?

Mwaka 1989, baada ya mechi ya sikukuu ya Shukrani, kocha wa Dallas, Jimmy Johnson, alidai hadharani kwamba Ryan aliweka dau kwa atakayemuumiza mpiga mipira wao wa mguu, Luis Zendejas. Ryan alikana, akicheka. Hakuadhibiwa.

15. Kwa nini alimwachisha Cris Carter?

Mwaka 1990 alimwondoa mpokeaji huyu huku akisema kwa kejeli kwamba anachojua ni kudaka mipira ya mabao tu. Watu walidhani kocha amerukwa na akili. Sababu yenyewe ilikuwa dawa za kulevya na pombe, na Ryan hakuitaja. Carter mwenyewe ameeleza baadaye kwamba kufukuzwa huko ndiko kulikomwamsha. Aliacha, akacheza Minnesota, na 2013 aliingia Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli.

16. Ile ngumi ya Houston?

2 Januari 1994, Oilers dhidi ya Jets, mbele ya kamera za taifa zima. Ryan alikuwa kocha wa ulinzi, Kevin Gilbride wa ushambuliaji, wote wa timu moja. Msimu mzima Ryan alilalamika kwamba mtindo wa Gilbride wa kurusha pasi kila mara unawarudisha walinzi wake uwanjani kabla hawajapumua. Karibu na mapumziko, badala ya kumaliza muda, Oilers walijaribu kucheza na mpira ukawaponyoka. Maneno yakaruka, Gilbride akasogea, Ryan akampiga ngumi ya taya.

Kinachosahaulika ni kwamba Oilers walishinda siku hiyo 24 kwa 0, ukiwa ushindi wao wa 11 mfululizo. Ulinzi wa Ryan ulikuwa umewaka tena, kwa sababu alikuwa amerudi kwenye kazi yake: nusu ya timu, na mtu wa kugombana naye.

17. Na Arizona?

Misimu 2 kama kocha mkuu: 1994 ushindi 8 na vipigo 8, 1995 ushindi 4 na vipigo 12. Alifukuzwa na hakufundisha tena. Jumlisha na za Philadelphia, ukiacha mtoano: ushindi 55, vipigo 55, sare 1.

## Maswali ya pembeni

18. Kama 46 ulikuwa mkali hivyo, mbona hauchezwi leo?

Unachezwa, ila kwa vipande, hasa pale mpinzani anapotaka kukimbia na mpira. Kuucheza mechi nzima ni kujitafutia balaa, kwa sababu Miami walishaonyesha dawa (swali la 10): tandaza wapokeaji 3 au 4, achia mpira haraka, na wale mabeki 3 wa nyuma wataelemewa. Ushambuliaji wa sasa umejengwa karibu wote juu ya dawa hiyo. Lililobaki ni wazo lenyewe, la kumfanya kwotabeki ahesabu vibaya.

19. Rex na Rob Ryan ni ndugu zake?

Ni wanawe, mapacha waliozaliwa 1962, na wote wakawa makocha wa ulinzi. Rex alikuwa kocha mkuu wa Jets, timu ya kwanza ya baba yake, kuanzia 2009 hadi 2014, kisha Buffalo Bills. Mdomo waliurithi pia.

20. Ditka na Ryan walipatana?

Timu ya 1985 haikwenda Ikulu ya Marekani wakati ule, kwa kuwa chombo cha anga cha Challenger kililipuka siku mbili baada ya mechi. Barack Obama, shabiki wa Bears, aliwaalika Oktoba 2011, miaka 25 baadaye. Wazee wote wawili walikwenda, wakasimama kwenye picha moja.

21. Nikitaka kutazama mechi moja tu, nianze na ipi?

Usianze na Super Bowl, ile iliisha mapema mno. Tafuta ya Rams, 12 Januari 1986, Soldier Field. Ryan alikuwa ametabiri kwamba mkimbiaji wao hodari, Eric Dickerson, ataangusha mpira mara 3. Aliuangusha mara 2. Subiri robo ya mwisho: Dent anamfikia kwotabeki Dieter Brock, mpira unamtoka, Wilber Marshall anauokota na kukimbia yadi 52 hadi mwisho wa uwanja, hakuna anayemfuata, na theluji ndiyo kwanza inaanza kudondoka.